Tamthilia ya Uhalifu Sebuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Lamu

Maswali haya ni ya wazazi, mabibi na kaka wakubwa wa Lamu mjini, Shela na Mokowe, na machache ya jamaa zetu wa Malindi. Yote yanazunguka jambo moja. Tamthilia ya polisi na majambazi, yenye risasi, unga na mambo ya chumbani, imeingia nyumbani na kila mtu anaisifu. Je, tukae nayo sote pamoja?

Alama 16 na 18 zinatoka wapi?

Hapa Kenya zinatolewa na Bodi ya Kuainisha Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Madaraja ni manne: GE ni ya kila mtu, PG inataka mzazi awe karibu, 16 haiwafai walio chini ya umri huo, na 18 ni ya watu wazima peke yao. Filamu nyingine hunyimwa kibali kabisa.

Ikiwa 18, kwa mtoto hakuna la kujadili. Ikiwa 16, hapo ndipo kazi yako inaanza, kwa sababu alama inapima umri wa mtazamaji mmoja mmoja. Haijui nani ameketi kando ya nani, na katika nyumba zetu nusu ya tatizo iko hapo.

Nyingi tunazopata zina TV-MA, R au 15. Hizo je?

TV-MA ni ya runinga za Marekani, ambako mfumo huo ulianza 1997. Maana yake ni kwamba huenda kipindi kisiwafae walio chini ya miaka 17. R ni ya majumba ya sinema ya huko huko, nayo inamruhusu aliye chini ya miaka 17 kuingia akiwa na mzazi, kwa hivyo usiichukulie kuwa sawa na 18 yetu. Namba 15 na 18 zilizo ndani ya duara ni za Uingereza, za bodi iitwayo BBFC, iliyoundwa 1912.

Kando ya namba mara nyingi utaona herufi: V ni ukatili, L ni matusi, S ni mambo ya mapenzi, N ni uchi. Mimi huzisoma herufi kabla ya namba. Tamthilia iliyopewa 16 kwa sababu ya matusi na iliyopewa 16 kwa sababu ya ubakaji ni vitu viwili visivyokaribiana kamwe, ijapokuwa namba ni moja. Halafu kila nchi huainisha kwa kufuata haya zake. Wamarekani wana uvumilivu mkubwa kwa damu kuliko kwa mwili usio na nguo, na nchi kadhaa za Ulaya ni kinyume chake. Alama zao hazikutungwa zikimfikiria bibi wa mtaa wetu wa Mkomani.

Si stesheni zinangoja saa nne usiku ndipo zionyeshe vitu vizito?

Ndiyo. Kanuni za utangazaji zinataka vipindi vya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vifae familia nzima. Ni kanuni nzuri, ila imemkusudia mtoto anayelala mapema. Ramadhani watoto wa mtaa wa Langoni wakitoka tarawehe ndipo kwanza usiku wao unaanza. Saa tano bado wako barazani na kaimati mkononi, na runinga ndani inazungumza peke yake. Wiki ya Maulidi ni hivyo hivyo, na likizo ya Desemba pia. Isitoshe, kanuni hiyo haiihusu flashi wala simu.

Niangalie nini hasa? Idadi ya wanaouawa?

Idadi ya maiti ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko yote. Angalia kwanza kama kifo kina gharama. Kuna tamthilia ambamo mtu akipigwa risasi, sehemu inayofuata tunamwona mamake akikunja nguo zake, tunaiona matanga, na askari aliyefyatua hapati usingizi. Na kuna nyingine watu ishirini wanaanguka ghalani, mhusika mkuu anawasha sigara, tumemaliza. Ya kwanza itamliza mtoto wa miaka kumi na miwili. Ya pili itamchekesha, na hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Pili, angalia kamera inakaa wapi na kwa muda gani. Tamthilia nyingi za aina hii hufunguliwa kwa maiti ya mwanamke, nusu uchi, kichakani au ufukweni, na kamera inamtembelea mwilini polepole kana kwamba ni tangazo la mafuta ya kujipaka. Hakuna tusi, hakuna damu nyingi, na pengine alama ni ndogo kuliko ulivyotarajia. Lakini mvulana aliyeketi pale ameshafundishwa kitu kuhusu mwili wa mwanamke, na msichana kadhalika.

Tatu, nani anapata gari, nyumba na heshima, na anavipata kwa njia gani? Jambazi anayevutia si kosa. Bila mvuto hapana hadithi. Swali ni kama hadithi inamdai chochote baadaye. Katika mji ambao kijana aliyemaliza shule hukaa ukutani kwenye gati miaka akingoja kibarua, jambazi tajiri anaonekana kama nafasi ya kazi.

Nne, je, inafundisha? Kuonyesha kwamba mtu alijiua ni jambo moja. Kuonyesha hatua kwa hatua alivyofanya ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengenezaji filamu mwaka 2019 likiwasihi wasionyeshe njia anayotumia mtu kujiua. Ukiona tamthilia imeenda huko, na nyumbani una kijana aliyekuwa mnyonge miezi hii, izime bila kujieleza sana.

Mwanangu ana miaka 11 na ameshazoea muvi za DJ Afro. Si ni yale yale?

Hapana. Msimulizi akiingia na Kiswahili chake na mzaha wake, akampa komando wa Marekani jina la mtaani, damu inapoteza makali. Mtoto anacheka na anajua ni mchezo. Tamthilia nzito ya upelelezi inafanya kinyume: inakaa kimya, inaonyesha jikoni la mtu wa kawaida, inataka uamini.

Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichunguza hofu za watoto kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba wadogo, hadi karibu miaka saba, huogopa kinachotisha kwa sura: zimwi, uso ulioharibika. Wakubwa zaidi huanza kuogopa kinachoweza kutokea kweli. Ndiyo maana mtoto wa miaka 11 anayelala vizuri baada ya majini na mazimwi anaweza kukesha baada ya kisa cha mtoto aliyetekwa akitoka madrasa. Kichochoro cha kwenye filamu kinafanana na chake.

Sisi sote ni watu wazima hapa: mimi, mume wangu, mavyaa na mashemeji. Kuna ubaya gani?

Kwa alama hakuna. Kwa nyumba upo, na wewe unaujua, ndiyo sababu umeuliza.

Kila mtu anaijua dakika ile. Wapelelezi wawili wamemaliza kazi, mvua inanyesha, wanatazamana. Sebuleni watu wote wanapata shughuli ghafla: shemeji anasoma simu iliyozimika, mtu anakwenda kuangalia chai ambayo haikuinjikwa, mavyaa anavuta uradi. Mwenye rimoti anabonyeza, anakosea, anaongeza sauti. Na katika nyumba za mji wa kale, zenye kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati na jirani aliye ng'ambo ya kichochoro cha upana wa punda mmoja, sauti hiyo haikuishia kwenu.

Watu wa nje hudhani hii ni kuchelewa kimaendeleo. Sioni hivyo. Watu wa vizazi vitatu wanaoishi chini ya dari moja, wanaopishana ngazini kila asubuhi, wanahitaji mambo fulani yasionekane mbele ya wote ili waendelee kutazamana usoni. Baba na bintiye mkubwa, kaka na dada, mkwe na mkwe: hao wana miaka ya kutosha na bado hawawezi kuketi pamoja mbele ya kitu kile kile.

Kipimo ninachotumia ni hiki. Je, ningeweza kumsimulia mavyaa kisa hiki kwa mdomo wangu, pamoja na ile sehemu? Mauaji ningeweza, hata ya kinyama, maana yeye mwenyewe husimulia makubwa kuliko hayo. Ile sehemu nyingine, la. Basi hiyo ni tamthilia ya chumbani, si ya sebuleni. Watazame mke na mume kwa simu na spika za masikio, au kina dada peke yao Ijumaa mchana wanaume wakiwa msikitini. Hakuna aliyenyimwa.

Nyongeza ndogo: usidhani wazee hawapendi uhalifu. Mabibi wengi wa hapa wamefuata tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, zenye sumu, wosia wa kughushi na ndugu wanaochinjana kwa ajili ya urithi, bila kukosa hata sehemu moja. Wanachokataa ni kuvuliwa stara, si ubaya wa binadamu.

Nitaijuaje bila kuitazama yote?

Tazama sehemu ya kwanza peke yako, kisha ruka hadi ya nne au ya tano. Ya kwanza hutengenezwa kumnasa mtu, hivyo ama ni kali kupita zote ama ni pole kwa makusudi. Ya katikati ndiyo inaonyesha tabia yake halisi. Misimu nayo hubadilika, na mara nyingi huelekea kwenye ukali, kwa hivyo ruhusa ya msimu wa kwanza isihesabiwe kuwa ya wa tatu.

Mtandaoni, Common Sense Media ya Marekani hueleza kwa wazazi kilichomo, na tovuti ya IMDb ina ukurasa wa mwongozo wa wazazi unaoandikwa na watazamaji wenyewe. Vyote ni vya Kiingereza, vina faida kwa sababu hutaja tukio badala ya kutoa hukumu tupu. Soma matukio, hukumu toa mwenyewe.

Nikiruka sehemu mbaya kwa rimoti?

Inafaa kwa tukio moja unalolijua liko wapi. Ikiwa unaruka kila baada ya dakika tano, mtoto ataitafuta sehemu iliyokosekana, na simu ya rafiki yake ipo.

Matusi ni ya Kiingereza. Watoto hawasikii, au wanasikia?

Wanasikia kuliko wewe. Na maandishi ya chini ya picha huyarudia. Hata hivyo, tusi la Kiingereza linawapita masikioni, ilhali tusi la Kiswahili au la Sheng katika tamthilia za kwetu linatua palepale, hasa likimtaja mama. Kama tamthilia ni ya Nairobi, usitegemee alama peke yake. Isikilize kwanza kwa masikio ya nyumba yako.

Nyumbani kwetu kuna mtu aliyekuwa akitumia unga. Tamthilia inaonyesha watu wakijidunga.

Nashukuru umeuliza, kwa sababu wengi huwafikiria watoto tu. Kwa mtu aliyeacha, picha ya karibu ya sindano, kijiko na moto inaweza kuamsha hamu. Hii si kukosa imani wala udhaifu. Ubongo hukumbuka vifaa pamoja na raha yake. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, imekuwepo hospitali ya Malindi tangu 2015, na kuna familia nyingi Pwani zenye mtu anayekunywa dozi yake kila asubuhi. Mtu huyo ana haki ya kuhesabiwa mnapochagua cha kutazama.

Muulize faraghani, si mbele ya watu. Wengine watasema haiwasumbui. Wengine wanapenda hata kuona inavyoonyeshwa na kucheka makosa ya waigizaji. Akikwambia afadhali isiwepo, basi isiwepo, na wala usitangaze sababu.

Kwa vijana, hapa kuna faida upande mwingine. Tamthilia inayomwonyesha teja kama mtoto wa watu, aliyekuwa na kazi na mchumba, hufanya kazi ambayo mahubiri kumi hayakuifanya. Inayomfanya kichekesho cha mtaa inaharibu.

Ikiwa ni kisa cha kweli je? Vinasemekana vina mafunzo.

Vina mafunzo, lakini pima umbali. Tarafa ya Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014 na watu zaidi ya 60 wakauawa. Wapo vijana wa kaunti hii waliokuwa watoto wadogo usiku ule na wanaoshtuka mpaka leo wakisikia fataki. Jamaa wa Malindi hawana haja ya kuambiwa Shakahola ni nini: tangu 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa kule msituni. Filamu ya madhehebu yanayowafisha watu njaa, ambayo kwa mtu wa mbali ni kisa cha kusisimua, inaweza kumkuta jirani yako akiwa bado anangoja majibu ya vinasaba vya ndugu yake.

Kabla ya kuwaita wageni kutazama kisa cha kweli, jiulize nani kati yao ana mtu. Usipojua, chagua kingine.

Kila mara gaidi anaitwa jina kama la mwanangu. Niizime?

Si lazima. Ukiizima kimya kimya ataiona kwingine, bila wewe kuwepo. Mimi ningemuuliza: katika hadithi hii yupo Mwislamu anayefanya jambo jingine lolote, daktari, mpelelezi, mama anayepika? Kama hayupo hata mmoja, mwambie wazi kwamba mwandishi alikuwa mvivu. Vijana wa miaka kumi na minne wanalipenda zoezi hili. Baada ya mara moja mbili watakuwa wakilifanya kabla yako, na kwa ukali zaidi. Chini ya miaka kumi, hapo ndiyo, izime.

Namna ya kufunga kwa namba ya siri?

Netflix inakuruhusu kumtengenezea kila mtu wasifu wake, kuuwekea kiwango cha umri, na kuufunga wasifu wako kwa namba ya tarakimu nne. Ving'amuzi vingi vya kulipia vina kufuli la wazazi ndani ya mipangilio. Zima pia ile tabia ya sehemu inayofuata kuanza yenyewe. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa kuwa namba ya siri; watoto wanaujua.

Nyumbani nimefunga, lakini banda la video la mtaani halina kufuli.

Banda linalotoza watu kuonyesha filamu linatakiwa kuwa na leseni, na masharti ya umri yanalihusu kama sinema yoyote. Kwa vitendo, kinachofanya kazi ni kumjua mwenye banda. Mji wetu ni mdogo. Mwenye banda ana mama, na mama yake anasali na mamako. Nenda kwa heshima, usiende na fujo, umwombe tu asimpokee mwanao zikionyeshwa za usiku.

Anayejaza muvi kwenye flashi dukani naye anafaa kuzungumziwa. Mpe orodha, usimwambie "nitilie zozote kali".

Ameshaiona, na sasa halali. Nifanye nini?

Usianze na "nilikwambia". Mdogo wa chini ya miaka saba hapozwi kwa maelezo marefu. Mpe mwili wa mtu karibu, taa ndogo, na dua aliyoizoea. Mkubwa anahitaji habari: mwombe akusimulie alichokiona, utashangaa mara nyingi kimemsumbua kitu kidogo, mlango uliofungwa au mbwa aliyeuawa. Halafu mwambie ukweli kuhusu uwezekano. Usimwambie "hayo hayatokei", kwa sababu anajua yanatokea. Mwambie nani analinda mlango wenu, nani angemtafuta, simu ya nani anaijua kwa kichwa.

Ikiendelea wiki kadhaa, akawa anakojoa kitandani au anakataa kwenda shule, mpeleke kwa daktari.

Binti yangu ana miaka 17 na anataka kuitazama yenye alama 16.

Mruhusu. Mwakani atakuwa Mombasa au Nairobi chuoni na hakuna atakayemuuliza. Ila tazama naye sehemu mbili za mwanzo, au kama kuna mambo ya kuoneana haya, shangazi au dada mkubwa atazame naye. Kazi hiyo ya shangazi ni ya tangu zamani, imebadilika chombo tu.

Baba anasema ndiyo, bibi anasema hapana.

Kama runinga iko chumba cha bibi, bibi.

Basi tutazame nini, na sisi tunapenda upelelezi?

Upelelezi hauhitaji damu. Tafuta zile ambamo mauaji yametokea kabla hadithi haijaanza, au nyuma ya mlango, na saa nzima ni watu kuhojiwa, uongo kufumwa na uongo kufumuliwa. Tafuta za wizi badala ya mauaji: hati ya shamba iliyobadilishwa jina, dhahabu ya harusi iliyopotea, benki iliyoibiwa bila risasi kufyatuliwa. Kiswahili chenyewe kina wapelelezi wake tangu riwaya za Zanzibar za miaka ya 1960, watu wanaotatua kisa kwa kuketi na kufikiri, na zinasomeka kwa sauti sebuleni bila mtu kukimbilia jikoni. Anzeni hapo siku umeme ukikatika. Mkirudi kwenye runinga, wekeni sharti moja: kabla ya dakika kumi za mwisho, simamisheni, na kila mtu aseme muuaji ni nani na amejuaje. Watoto wa miaka tisa huingia mchezoni bila taabu.